Kipato cha Kabatini

Kuna watu waliojaliwa sura, kuna waliojaliwa miguu ya kukimbilia, na kuna Kitinda, ambaye alinyimwa vyote hivyo akalundikiwa sauti. Na wala si sauti ya kuimba. Akiimba, paka wa jirani wanahama. Yake ilikuwa sauti ya kutangaza, nzito kidogo, tulivu, isiyo na haraka na mtu. Akisema mlango unafungwa, hata wewe uliyekaa zako kitandani unarudisha mguu ndani. Lifti za mjini zilikuwa zake. Foleni za hospitali zilikuwa zake. Yule mwanamke anayekuambia salio lako halitoshi, kwa upole mpaka unataka kumshukuru, ndiye yeye huyo huyo. Jina la Kitinda alipewa nyumbani kwa kuwa ndiye kitinda mimba, akaanza kuota mvi na jina bado limemganda.

Sasa, hiyo sauti haikuwa kazi yake. Kazi yake, ile ya kuamkia, yenye mkataba na bosi wa kununa, ilikuwa kutunza ghala la kampuni ya vigae na masinki. Asubuhi mpaka jioni alihesabu maboksi, akagombana na wapakiaji waliotupa vigae kama wanatupa mito, akaandika vilivyoingia, vilivyotoka na vilivyovunjika vikasingiziwa gari. Mwisho wa mwezi mshahara uliingia ukiwa umeshakatwa kodi juu kwa juu. Hakuwahi hata kuiona hiyo kodi ikipita.

Mambo ya sauti yalikuwa ya jioni na siku za mapumziko. Bwana mmoja wa kampuni ya matangazo alimtumia maneno kwenye simu, yeye akayarekodi na kuyarudisha. Alirekodia ndani ya kabati la nguo. Ndiyo, kabati, usicheke. Makoti na mablanketi yanameza mwangwi, na studio za watu zinakodishwa kwa saa. Basi alijikunja mle ndani, magoti kidevuni, kipaza sauti kidogo mkononi, mikono ya makoti ikimpapasa mashavuni, akaitangazia nchi nzima kwamba daktari atawaona punde. Alipotoka alikuwa ameloa jasho chapachapa.

Malipo ya kabatini yaliingia kwenye simu yake yakiwa kamili, hayajaguswa. Na hapo ndipo palipokuwa na shida, ingawa mwenyewe hakuiona. Kitinda hakuwa mwizi. Ukimzidishia chenji anakukimbilia nayo barabarani. Ila kichwani mwake kodi ilikuwa kitu kinachokatwa na watu wengine. Kama haikukatwa, basi haipo. Alijiambia serikali imeshakula kwenye mshahara, imeshiba, na hiki cha kabatini ni changu cha mafuta ya nywele. Wangapi wanajiambia hivyo hivyo? Usinijibu, nawajua.

Alikuwa akiishi na baba yake, mgane aliyestaafu kazi ya ukaguzi wa mizani. Mtaani walimwita Mzee Mizani. Enzi zake alipita madukani na mabuchani na mawe yake ya kupimia ndani ya sanduku, na akikuta mizani imechezewa aliifunga papo hapo na kumwandikia mwenyewe faini, awe rafiki, awe shemeji. Muuza nyama akimwona anachomoza kwenye kona, kilo ilikuwa inanenepa yenyewe. Watu walimwamkia kwa mikono miwili. Wengine walimwogopa, wengine walimheshimu, na yeye hakuona haja ya kuwatenganisha.

Kustaafu kulimmaliza. Wale wa mikono miwili wakaanza kumpungia mkono mmoja, kisha wakawa wanatikisa kichwa tu kwa mbali, kisha wakawa wana haraka. Kila asubuhi mzee alichomekea shati, akapiga viatu rangi, akaketi mlangoni, na hapo ndipo safari ilipoishia. Kitinda ilimuuma sana kumwona vile. Alimnunulia redio, mzee akaizima, akisema inaongea bila kuulizwa.

Ndipo siku moja Mzee Mizani akapiga simu ofisi ya kodi kuulizia jambo la kiinua mgongo chake, na sauti ikamkaribisha, ikamwambia simu yake ni muhimu, ikamwomba asubiri. Mzee nusura aiangushe simu. Akaita jina la mwanawe. Sauti ikamjibu kwamba kwa huduma ya malipo abonyeze moja. Akabonyeza moja, si kwa sababu alitaka kulipa, bali kwa sababu mtoto wake amemwambia.

Jioni ile Kitinda alimkuta baba yake amesimama mlangoni na macho mekundu, anacheka peke yake. Mzee alimwambia kwamba ameshajua, asiendelee kumficha. Ameshajua kwamba ameacha vigae, amepata kazi ofisi ya kodi, na alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumpa habari. Akasema nyumba hii imepata tena mtu wa serikali. Kitinda alifungua mdomo amweleze yale mambo ya kabati, ambayo hakuwahi kumtajia. Akaona jinsi mzee alivyoishika ile simu kwa mikono miwili, akaufunga mdomo. Kesho yake alitoka nyumbani na fulana ya kampuni ya vigae imejificha ndani ya mkoba, akaivalia chooni kazini, na tangu siku hiyo ukawa ndio mtindo. Mnaosema angemwambia ukweli palepale, hamjawahi kuwa na baba.

Mzee Mizani akafufuka. Kila siku baada ya chai alikwenda kwa kinyozi, penye benchi na wasikilizaji, akapiga simu ofisi ya kodi, akaongeza sauti hadi mwisho, akaiweka simu mezani kati ya mashine za kunyolea. Sauti ikimaliza kukaribisha, yeye aliijibu. "Ahsante, mama, endelea na kazi," alisema, kisha akakata. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Fundi viatu, aliyekuwa amekwepa kodi ya kibanda tangu kibanda kijengwe, alikwenda kuilipa kwa kuogopa kwamba binti wa Mzee Mizani analijua jina lake. Wengine wakamfuata. Mtaa ule ulianza kulipa kodi kwa kuvizia, kila mtu akidhani wenzake wameshaitwa.

Na mikono miwili ikarudi. Mzee aliamkiwa kutoka upande wa pili wa barabara. Alitengewa kiti. Ni kinyozi tu ambaye hakushawishika sawasawa. Huyo alikuwa na ulimi wa wembe, na mara nyingi aliuliza huku anakung'uta nywele kwamba iweje ofisa mkubwa kiasi hicho awe anapanda gari la kuelekea upande wa maghala kila asubuhi. Mzee alimjibu kwamba ofisi zina matawi. Kitinda alipoambiwa hayo jioni alikosa hamu ya kula. Alijua wazi kwamba siku kinyozi atakapopata jibu la swali lake, Mzee Mizani atarudi kukaa mlangoni na viatu vyake vilivyong'arishwa, na safari hii watu wakipita watakuwa wanacheka.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa pale bwana wa matangazo alipotuma maneno mapya. Yalitoka ofisi ya kodi, na yalikuwa ya haraka. Kitinda akajifungia kabatini, akakohoa, akayasoma moja kwa moja kama kawaida yake, maana alikuwa na desturi ya kusoma bila kujisikiliza.

"Ndugu mfanyakazi. Je, mbali na mshahara wako, una kipato cha pembeni? Kodi inayokatwa kwenye mshahara si kodi ya kipato hicho. Kitolee taarifa, na ulipe. Jitokeze kabla hujatafutwa."

Kitinda akakishusha kipaza sauti. Kisha akauliza, kwa sauti yake ya kawaida, "Nani?"

Akayasoma tena, polepole, huku anajisikiliza. Akayasoma mara ya tatu akitumaini kwamba labda yatakuwa yamebadilika. Kila akifika kwenye "jitokeze" sauti ilimtetemeka, akaanza upya, ikatetemeka tena, koti la marehemu mama yake likamwangukia kichwani akapiga ukelele, akaanza upya. Mlangoni mzee alimwuliza kama yuko salama. Akajibu kwamba anafanya mazoezi ya kazi. Hatimaye akatuma ile iliyotetemeka kidogo kuliko nyingine, akijua kwamba itarudishwa.

Haikurudishwa. Bwana wa matangazo alipiga simu kwa furaha, akisema hajawahi kusikia tangazo la kodi linaloogopesha kiasi kile, kwamba hofu ile imetoka ndani kabisa, na kwamba wenye tangazo wameongeza malipo kidogo kwa ajili ya hiyo hofu. Yakaingia kwenye simu, kamili, hayajaguswa. Kitinda aliyatazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwingine.

Kesho yake alimfuata karani wa mishahara pale kazini, akamweleza kwamba ana rafiki yake, ameajiriwa, halafu jioni anafanya kibarua kingine, je, huyo rafiki afanye nini. Karani alikuwa mtu mwema anayependa kueleza. Akamwambia ni jambo rahisi: rafiki ajumlishe alichopata pande zote kwa mwaka, atoe gharama za kweli alizotumia kwenye hicho kibarua, kodi iliyokwisha kukatwa kwenye mshahara itahesabiwa, halafu atalipa kinachobaki. Kama kuna miaka ya nyuma hakusema kitu, kuna faini, lakini akienda mwenyewe wanamsikiliza, hata kulipa kwa awamu wanamruhusu. Wakimfuata wao ndiyo balaa. Kitinda akamshukuru. Karani akamtazama kwa makini, akasema ni ajabu, lakini kuna wakati sauti yake inafanana sana na ya ile lifti ya benki.

Tangazo lilipotoka, lilitoka kila mahali. Lilimfuata Kitinda dukani, likamfuata kwenye gari, likamtishia kwenye redio ya wapakiaji ghalani, nao wakanyamaza hadi liishe, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu anauza jioni. Alijisikia akiambiwa ajitokeze na mtu anayemjua vizuri mno. Usingizi ukampaa. Akakata shauri: ataomba ruhusa kazini siku ya Alhamisi, ataingia ofisi ya kodi kimyakimya, atanong'ona shida yake dirishani, atalipa, atatoka, na baba yake hatajua lolote.

Lakini Mzee Mizani naye alikuwa amelisikia tangazo, kwa kinyozi, sauti hadi mwisho. Alilisikiliza amesimama. Kisha akauona mtaa mzima kwa macho mapya. Mwalimu wa shule ya msingi, anayeshona sare nyumbani kwake baada ya masomo. Nesi wa zahanati, anayeoka keki za sherehe. Alikwenda kwao mlango kwa mlango, akawaeleza bila ukali kwamba mwanawe amesema, nao wameshamsikia. Wakamwuliza kwa woga kama ofisini watawafokea. Akawaahidi kwamba atawapeleka mwenyewe siku ya Ijumaa, na Kitinda atawapokea dirishani kama wageni wake.

Habari hiyo alimpa Kitinda mezani, jioni, kwa fahari ya mtu aliyeleta zawadi. "Nimekutafutia wateja," alisema. Chai ilimpalia Kitinda ikatokea puani. Alipopata pumzi akajifariji kwamba Ijumaa ni Ijumaa, na yeye anakwenda Alhamisi. Asichokijua ni kwamba Nesi alibadilishiwa zamu, msafara ukaletwa Alhamisi, na mzee akaamua asimwambie mwanawe ili amfurahishe kwa ghafla.

Ukumbi wa ofisi ya kodi ulikuwa mpana, umejaa viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja ili mtu asiondoke na chake. Madirisha yalikuwa na vioo vizito, na mbele ya kila kioo, upande wa mwananchi, palikuwa na kipaza sauti chenye shingo ndefu, maana bila hicho ofisa wa ndani husikia kwa taabu. Namba ziliitwa kutoka kwenye spika za darini. Ziliitwa na nani? Na Kitinda, nani mwingine. Aliketi ameinamisha kichwa, karatasi ya namba imeloa kiganjani, akijisikiliza akiita watu mmoja mmoja kwa utulivu asiokuwa nao hata chembe. Jirani yake wa kiti alilalamika kwamba mwanamke huyo wa darini anajiona sana. Kitinda akakubaliana naye.

Hapo mlango ukafunguliwa. Akaingia Mzee Mizani na koti lake la kazi la zamani, nyuma yake Mwalimu na bahasha, Nesi na bahasha, na nyuma kabisa kinyozi, ambaye hakuwa na bahasha yoyote. Alifunga duka akaja kutazama. Mzee alikagua madirisha yote kwa macho, la kwanza hadi la mwisho, asimwone mwanawe. Kisha akamwona kwenye viti, katikati ya watu wenye shida zao. Uso wake ukachanua. Aliwaelekeza wenzake kwa mkono, akawaambia kwa sauti ya kusikika kwamba hivyo ndivyo kiongozi anavyotakiwa, anatoka mezani anakuja kukaa na wananchi aone foleni inavyokwenda.

Kitinda alisimama. Alitaka kumshika baba yake mkono amtoe nje, amwambie pale kwenye ngazi, wawili tu. Alikuwa amepiga hatua moja wakati darini paliposema, kwa ile sauti ya upole isiyo na haraka, kwamba mwenye namba themanini na mbili aende dirisha la nne. Kinyozi aliitazama karatasi iliyokuwa kiganjani mwa Kitinda. Alikuwa na macho makali. Kazi yake ni nywele moja moja. "Themanini na mbili si wewe?" akauliza.

Hakuna mahali pa kukimbilia kwenye ukumbi wenye mlango mmoja na baba yako amesimama mlangoni. Kitinda alikwenda dirisha la nne. Nyuma ya kioo alikaa mama mmoja mwenye miwani na sweta, amechoka mapema. Akamwashiria aseme shida yake. Kitinda alikuwa amejiandaa kunong'ona. Kuanzia kitandani alikuwa amejifunza kunong'ona, maneno machache, mdomo karibu na kioo, yaishe. Sasa akainama, na mbele ya midomo yake pakawa na kipaza sauti.

Mtu wa kawaida angeng'ata maneno. Lakini huyu alikuwa ameishi na kipaza sauti miaka, na mwili una mazoea yake, haukuombi ruhusa. Mgongo ulinyooka wenyewe. Mabega yakashuka. Pumzi ikaingia hadi tumboni, na ile sauti, ile yenyewe, ya lifti na hospitali na benki, ikatoka imenyooka na kujaza ukumbi hadi kwenye pembe.

"Mimi ni mfanyakazi wa kampuni ya vigae. Mbali na mshahara wangu, nina kipato cha pembeni. Sijakitolea taarifa kwa miaka mitatu. Nimekuja kulipa."

Kila mtu alitazama darini. Mzee mmoja alitoa kalamu akaanza kuandika kiganjani. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliomba tangazo lirudiwe, hakupata vizuri hapo kwenye miaka. Watu kama sita hivi walisimama na karatasi zao wakidhani foleni imebadilishwa. Mama wa dirisha la nne naye alitazama darini, akamwuliza mwenzake wa dirisha la tatu ni nani aliyewasha tangazo jipya bila kuwaambia.

"Ni mimi," alisema Kitinda, na bado ile sauti haikumwachia. "Ninazungumza hapa mbele yako."

Macho yote yakashuka kutoka darini yakatua mgongoni mwake. Alihisi moto masikioni. Kati ya macho yote yale alijua ni jozi moja tu inayomhusu, na hakuwa na ubavu wa kugeuka kuitazama. Aliona aibu, aliona huruma, na alijichukia kwa kila asubuhi aliyotoka nyumbani na ile fulana ndani ya mkoba.

Mama wa dirisha la nne, ukiacha uchovu wake, alikuwa mtu wa haki. Akamsogezea karatasi chini ya kioo, akamwambia amefanya vizuri kuja mwenyewe, akaanza kuuliza. Kitinda akajibu huku amekiinamisha kile kipaza sauti upande. Mapato ya kila mwaka, akataja. Gharama: kipaza sauti, akaonesha risiti, vifurushi vya simu, akaonesha, mahali pa kazi. Hapo akasita. Akasema ni kabati. Mama akavua miwani. Akauliza ni kabati la aina gani, na kama ndani yake kuna nguo, na kama kuna nguo, ni nguo za kazi au za kuvaa. Kitinda akaeleza habari ya mwangwi. Mama akaeleza kwamba hilo si tatizo, lakini kama kabati ni la mtu mwingine na Kitinda analikodi, kodi hiyo ya pango ni gharama, itamshushia anachodaiwa. Je, ni la nani?

"Ni langu," ilisema sauti nyuma yake.

Mzee Mizani alikuwa amekuja dirishani. Alisimama wima, mikono nyuma, kama alivyosimama mbele ya mizani za watu. Hakumtazama mwanawe. Kitinda alimwambia kwa sauti ndogo, ile yake ya nyumbani, kwamba amsamehe, kwamba hajawahi kufanya kazi humu hata siku moja, kwamba bado yuko kwenye vigae. Mama wa dirishani akamwuliza kama binti humlipa chochote kwa kulitumia kabati. Lilikuwa swali la kumpa mtu nafuu ya bure kabisa. Ingetosha atikise kichwa kwenda chini badala ya pembeni, na deni la mtoto wake lingepungua.

"Hanilipi," alisema Mzee Mizani. "Na nusu ya chini ni viatu vyangu."

Mama akalikata kabati kwa kalamu. Ndipo kinyozi, aliyekuwa amefunga duka kwa ajili ya dakika hii, akapata alichokijia. Alisogea mbele, akakohoa, akauliza kwa sauti ya kusikika na Mwalimu na Nesi na viti vyote vya plastiki: "Mzee Mizani, huyu si ndiye uliyetuambia ofisa? Kumbe ni mdaiwa kama sisi?"

Watu wachache walicheka. Mwalimu aliishusha bahasha yake. Kitinda alifumba macho, akauona ule mlango wa nyumbani na mzee ameketi, na wapita njia. Alisikia viatu vya baba yake vikigeuka sakafuni.

"Ni kweli," alisema mzee. "Niliwaambia ofisa, nikakosea. Na nyie nimewasumbua kwa jina lake, mnisamehe." Neno hilo alilitoa kwa shida, maana hakuwa na mazoea nalo. "Lakini sikiliza, kinyozi. Nimekagua mizani maisha yangu yote ya kazi. Nimeifuata madukani, uvunguni, juu ya dari. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuja ofisini kwangu na mizani yake kwapani, kwa miguu yake, akaniambia mzee, hii yangu ina kasoro. Nilimngoja huyo mtu mpaka nikastaafu. Kumbe naishi naye nyumba moja, na mimi nikahangaika kuwaambia watu eti ni ofisa."

Hakuna aliyecheka tena. Nesi alikwenda kwenye kile kimashine cha namba akavuta yake, na Mwalimu akasimama nyuma yake. Kinyozi aliwatazama, akamtazama mzee, na labda akakumbuka vile viti vya sherehe anavyokodisha kwa siri kila mwisho wa wiki. Akabaki kujikuna shingo. Mzee Mizani akavuta pumzi, akageuka, akasimama bega kwa bega na mwanawe mbele ya kioo, akamwuliza mama wa ndani watu wanaolipa kwa awamu wanaanzia wapi. Kitinda alitaka kumshukuru. Alifungua mdomo, sauti haikutoka kabisa, na mama wa dirisha la nne ikabidi amwoneshe kwa kidole mahali pa kuweka sahihi.